Baiskeli ya Mama Mkwe

Ayub alikuwa ameipindua baiskeli ya mteja, magurudumu juu, akilizungusha la nyuma na kulisikiliza huku jicho moja amelifumba, alipoinua kichwa na kumwona mama mkwe wake akivuka barabara kuja upande wake. Spana ilimtoka mkononi. Si kwamba Kamanthe alikuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mama mwembamba wa Katelembo, kitambaa cha kanisa kichwani, raba nyeusi miguuni, na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya. Ila tangu Ayub amwoe binti yake, mama huyu hakuwahi hata siku moja kumjia. Kazi yake ilikuwa kumkimbia.

Na alikuwa hodari wa kukimbia, jamani. Wakikaribia kukutana njiani, Kamanthe alikata kona akapotelea kwenye makonge kana kwamba ameona mbuzi wake humo. Ayub akienda kuwatembelea, mama alikuwa na shughuli jikoni isiyoisha, na salamu zililetwa na mtu mwingine, zikarudishwa na mtu huyo huyo. Mkono hakuwahi kumpa. Uso wake Ayub aliujua vizuri kwenye picha za harusi, na hata huko mama alikuwa ametazama kando.

Hidaya, mkewe, alimweleza mara nyingi kwamba hiyo ni nthoni, ile heshima ya Wakamba kati ya mama na mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawatazamani, hawazungumzi uso kwa uso, na mengine mengi ambayo Ayub hakuwa na subira ya kuyasikiliza hadi mwisho. Alikuwa akiitikia, "Sawa, sawa, nimeelewa," na moyoni haamini hata chembe.

Angeaminije? Alizaliwa Machakos mjini, lakini babu yake aliletwa na biashara kutoka Pwani, na kwao mambo ya ukwe yalikwenda vingine kabisa. Mama yake, Bi Ummi, alimvuta sikio Ismael, mume wa dada yake Ayub, mbele ya wageni, akamtukana, kisha akamlisha mahamri kwa nguvu mpaka kijana wa watu akashindwa kuinuka. Hayo ndiyo mapenzi ya mama mkwe aliyoyajua Ayub. Isitoshe, Hidaya alizaliwa Wayua, msichana wa kwaya, akabadili dini na jina ili aolewe naye. Mama gani wa kanisa angepiga makofi? Kwa hiyo Ayub alikuwa na swali moja ambalo halikumpa raha: mama huyu ananikimbia kwa sababu mimi ni mkwe wake, au kwa sababu hanitaki? Kwa mtu aliyesimama pale aliposimama yeye, heshima na chuki zilifanana kabisa.

Na leo huyo anakuja, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka mlangoni pa duka.

Hakuja peke yake. Alikuwa na Mukai, jirani yake, mama mnene mcheshi ambaye mdomo wake haukujua likizo. Mukai alifika mbele na kunyoosha mkono. Kamanthe alisimama hatua chache nyuma yake, akajigeuza upande, akaanza kuyatazama matairi yaliyoning'inia ukutani.

"Habari ya kazi, Ayub?"

"Nzuri, mama. Karibuni. Karibuni sana." Ayub alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mwambie nataka baiskeli," Kamanthe aliliambia tairi.

"Anataka baiskeli," Mukai akasema, kana kwamba Ayub yuko ng'ambo ya mto.

"Mwambie si ile ya kawaida. Nataka ya mlima. Mauntini."

"Mauntini, amesema. Sasa hivi yeye ni mtu mkubwa, Ayub, hujasikia? Amechaguliwa kuangalia vikundi vyote vya mwethya huko kwetu, vile vya kusaidiana kazi ya shamba. Kila mahali kina mama wanachimba matuta, yeye anafika na kamba yake na kipimo, anaangalia kama laini imenyooka. Leo ako bondeni, kesho ako juu kwa mawe. Miguu imekwisha. Aliuza ndama wake akasema hapana, mimi nitapanda kitu."

"Hilo la ndama sikukutuma," Kamanthe alisema.

Ayub alihisi kifua kikijaa hewa kama mpira uliotiwa pampu. Mji mzima wa Machakos ulikuwa na maduka ya baiskeli. Maundu, pale chini karibu na soko, alikuwa na duka kubwa lenye vioo na baiskeli mpya zinazong'aa zimepangwa mstari. Mama mkwe wake alilipita duka la Maundu, akaja kwake. Leo, Ayub alijiambia, leo nitamchagulia baiskeli ambayo kila akiipanda atasema huyu kijana ana maana.

Shida ilianza mara moja, kwa sababu jicho la Kamanthe lilikuwa limekwishafika kwenye ile nyekundu. Ilining'inia pale mbele ya duka kusudi kuvuta macho. Ilikuwa mpya, ya rangi ya nyanya iliyoiva, na ilikuwa na springi mbele na springi nyingine kubwa katikati ya fremu, na maandishi ya manjano ya kutisha kila mahali. Kusema kweli wateja wengine Ayub huwaacha macho yao yawaamulie. Lakini huyu hakuwa mteja mwingine.

"Mukai, mwambie aiinue ile nyekundu," Ayub alisema.

"Inua, Kamanthe."

Kamanthe, mama wa kubeba maji na kuni tangu utotoni, aliishika, akaiinua, akaitua. Pumzi ilimtoka.

"Sasa mwambie aiinue ile ya kijivu pale ndani."

Ile ya kijivu ilikuwa mtumba, imeshuka Mombasa kwenye kontena na nyingine nyingi za Ulaya, rangi imechubuka kwenye shingo, hakuna hata herufi moja iliyobaki ya kusoma. Fremu yake ilikuwa nyembamba, na bomba la juu limeinama chini sana, hata mwenye sketi angepanda bila kuonyesha watu mambo yake. Kamanthe aliishika kwa mkono mmoja. Ikanyanyuka hivi hivi. Akaitua, akainyanyua tena, na safari hii akasahau kidogo kutazama kando.

"Mwambie hiyo ni chuma kizuri," Ayub alisema, na sasa alikuwa amewaka. "Chuma kizuri ni chepesi na hakipindiki. Ile nyekundu ni mabomba mazito ya bei rahisi, na zile springi ni za kuringia tu. Ukikanyaga pedali, nguvu yako yote inaishia kwenye springi. Utapanda kilima ukiruka juu chini kama uko kitandani."

"Amesema kama uko kitandani," Mukai alifikisha, akicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Nimesikia! Mwambie aendelee."

Aliendelea. Alizungusha gurudumu ili mama aone kwamba rimu haichezi, na kwamba ni ya alumini, haishiki kutu, na breki inaishika hata ikinyesha. Alizibana breki. Alipanga gia, moja baada ya nyingine, akasema usidanganywe na wingi wa gia, zile za nyekundu ni nyingi lakini nusu yake hukataa kuingia, hizi ni chache na zote zinatii. Akamwonyesha kwamba saizi ya tairi ni ile ya kawaida, kwamba hata fundi wa Katelembo mwenye sanduku moja la vifaa atapata tyubu yake, maana baiskeli nzuri ambayo haina spea ni pambo la sebuleni. Akamwonyesha mahali pa kufungia keria ya kubebea jembe na kamba na kile kipimo.

Mukai alijaribu kuyafikisha yote hayo, akachoka, mwishowe akawa anasema tu, "Ndiyo hivyo amesema." Kamanthe alikuwa ameinama kwenye baiskeli, akibonyeza tairi kwa kidole gumba, akishika hiki na kile, akiguna. Aligonga kengele. Ikalia safi.

"Mwambie hii imetulia," alisema.

Ayub alikaribia kuruka. Imetulia! Mama mkwe amesema imetulia! Na mtu akifurahi namna hiyo huwa hatosheki. Lazima aongeze kitu kidogo juu. Ayub aliongeza. Aliivuta ile ya kijivu nje, akaketi, akasema, "Mwambie aangalie inavyopanda!" na kabla Mukai hajafungua mdomo akawa ameshachomoka kwenye ile barabara inayopanda kuelekea Iveti.

Ilipanda kama inavutwa na kamba. Aliwapita watu wa mikokoteni, akapita mama wa mandazi, akawa ameketi zake tu, hajainuka hata kidogo kwenye kiti, miguu inazunguka, shati limejaa upepo. Juu kule aligeuza, akashuka akigonga kengele njia nzima, akafunga breki mbele ya duka na kusimama pale pale. Alikuwa anatabasamu sikio kwa sikio.

Hakuna aliyetabasamu naye. Mukai alikuwa ametazama chini. Kamanthe alikuwa amerudi kwenye matairi yake ukutani, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama ubao.

"Mwambie nitachukua ile nyekundu," alisema.

Ayub alidhani hakusikia vizuri. "Nyekundu? Si... Mukai, si amesema hii imetulia?"

"Mwambie ile nyekundu. Ashushe tuende."

"Lakini nimemweleza! Itamuua kwa kilima! Mwambie basi ajaribu hii kwanza, aiketie tu kidogo, azunguke hapa..."

"Aiee!" Kamanthe alisema, na sauti ikapanda. "Mwambie hiyo sitaki. Nyekundu, ama niende."

Basi ndiyo hivyo, Ayub aliwaza, na hewa yote ikamtoka kifuani. Ndilo jibu hilo. Baiskeli ilikuwa nzuri mpaka yeye alipoonyesha kwamba anaipenda. Mama afadhali avunje mgongo kwenye takataka kuliko achukue kitu kizuri alichochaguliwa na Ayub. Damu ilimpanda, na damu ikimpanda Ayub husema maneno ambayo baadaye huyatafuta chini ayaokote.

"Basi mwambie ile nyekundu siuzi," alisema. "Siwezi kumuuzia mama ya mke wangu kitu kibovu. Akitaka nyekundu, Maundu ako nazo tele. Aende kwa Maundu."

Mukai hakuhitaji kufikisha. Kamanthe alikwisha kuvuka barabara.

Mchana Ayub alikwenda nyumbani kula, nyuma ya msikiti, na hakula. Aliusukuma wali pembeni ya sahani akamsimulia Hidaya kisa chote, kuanzia tairi ukutani mpaka Maundu, akimalizia kwa kusema kwamba sasa amejua, miaka yote hiyo ya "ni heshima, ni heshima" ilikuwa ya kumpumbaza, mama yake hamtaki, na bora angesema tangu mwanzo.

Hidaya alimsikiliza akiwa ameshika kijiko. "Alisema imetulia?"

"Alisema."

"Halafu ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu! Nilipanda tu kidogo kumwonyesha."

"Ulipanda umesimama ama umekaa?"

"Swali gani hilo? Nilikaa. Baiskeli ina kiti, mtu hukaa."

Hidaya alikiweka kijiko chini, akajifunika mdomo kwa mtandio, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kila akimwangalia mumewe alianza upya. Ayub alikaa pale kama mtu aliyenyeshewa.

"Ayub wangu," alisema alipoweza, "mama hawezi kukaa kiti mume wa msichana wake amekalia. Hawezi kabisa. Ni nthoni mbaya sana. Hujaona ile stuli unakaliaga ukienda kwetu? Ukitoka tu inawekwa nje, ni ya watoto mpaka leo. Umemchagulia baiskeli nzuri, amependa, halafu ukaenda ukakalia kiti mbele ya macho yake, na barabara yote inaona. Ulitaka afanye nini?"

"Angesema!"

"Aseme kwa nani? Kwako? Aanze kutaja mambo ya makalio yako na yake hapo barabarani?"

"Mukai angesema."

"Na Mukai naye angeanzia wapi, hapo barabarani?"

Jambo la kiti lilikuwa na mantiki, ukilitazama kwa upande. Lakini mtu akishaumia, moyo hauponi haraka hivyo, na Ayub alijua pia kwamba mila ni pazia zuri la kujificha nyuma yake. Mtu asiyekutaka anaweza kukuchukia raha mustarehe nyuma ya nthoni, na hakuna atakayemuuliza. "Sawa," alisema. "Hakutaka kiti. Na mimi je? Ananitaka?"

"Muulize."

"Nimuulize kwa mdomo gani?"

Hidaya alimwongezea mchuzi. Jioni aliporudi kutoka sokoni alileta habari kwamba mama yake ameonekana dukani kwa Maundu, akizungushwa kati ya baiskeli zile zinazong'aa. Kama alinunua au hakununua, aliyemwambia hakujua.

Asubuhi yake Ayub aling'oa kiti cha ile baiskeli ya kijivu, akafunga kingine kipya, kipana, cha springi mbili chini yake, akakiacha ndani ya nailoni yake ya dukani bila kuitoboa. Kama mama amekwisha kununua kwa Maundu, basi. Kama hajanunua, asije akasema hakuletewa. Alifunga keria. Akapaka cheni mafuta. Akaitoa nje, akainua mguu apande aende Katelembo, akaushusha tena mguu haraka kana kwamba amekanyaga kaa la moto.

Hawezi kuipanda! Kuna mtu amewahi kulifikiria hilo? Baiskeli nyepesi kuliko zote Machakos, gia zinatii, tairi zimejaa, na mwenyewe itabidi aisukume kwa miguu kutoka mjini mpaka Katelembo.

Aliisukuma. Kabla hajatoka mjini kijana mmoja wa boda alimpungia mkono. "Niaje, fundi! Pancha?"

"Hapana."

"Cheni?"

"Iko sawa."

"Sasa?"

Ayub akakaza mwendo. Fundi wa baiskeli anayesukuma baiskeli nzima ni tangazo baya la biashara, na kila aliyekutana naye alikuwa na maoni. Mzee mmoja alisimama kabisa, akashuka kwenye blakmamba yake, ile baiskeli nzito ya zamani, akafungua kimfuko cha vifaa na kusema kwa huruma, "Leta nikuangalilie, kijana, hizi za kisasa ni za kusumbua." Wasichana wa shule waliulizana kwa sauti kama huyu anajua kupanda. Kwenye mteremko wa kwanza Ayub alijaribiwa sana. Alitazama mbele, akatazama nyuma, hakukuwa na mtu. Kiti kilikuwa ndani ya nailoni, nani angejua? Mkono wake ulikuwa umekwishashika breki. Lakini alijiuliza, na nikiulizwa? Akaendelea kutembea, jua likimchoma utosini, akisema peke yake maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Alipofika, nyumba ilikuwa tupu, ila kutoka shambani zilisikika nyimbo. Kina mama wa mwethya walikuwa wametanda kwenye mteremko, wanachimba tuta, majembe yanapanda na kushuka pamoja, wakirusha udongo upande wa juu. Kamanthe alikuwa mwisho wa mstari na kamba yake, amechutama, anapima. Kando ya kichaka Ayub alitafuta kitu chekundu kwa macho. Hakukuwa na kitu chekundu.

Mukai ndiye aliyemwona kwanza. "Asi! Ayub! Mbona unasukuma? Imekuharibikia?"

Wimbo ulikatika. Majembe yalisimama. Uso baada ya uso uligeuka kumtazama yule kijana wa mjini, shati limegandamana mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshikilia baiskeli isiyo na kasoro yoyote.

"Haijaharibika," alisema. Hakumtazama Kamanthe. Alilitazama tuta, akaliambia tuta, kwa sauti ya kusikika na wote: "Kiti ni kipya. Hakijakaliwa na mtu tangu kitoke kiwandani. Na mimi sijaipanda. Nimetembea nayo kutoka mjini."

Kicheko kililipuka mstari mzima, kicheko cha watu waliopata cha kusimulia mwaka mzima. Mmoja aliketi chini kwenye udongo kabisa. "Kutoka mjini!" walikuwa wakiambiana. "Kwa miguu! Na baiskeli iko hapa!" Kamanthe hakucheka. Alisimama, akawageuzia wote kisogo, akashika kiuno.

"Kamanthe, na wewe umezidi sasa," Mukai alisema, akijipangusa macho. "Umetesa mtoto wa watu. Huyu ni wa msikiti, babu yake ni wa kule Pwani. Hajui nthoni yetu na si mtu wetu. Si ungekalia tu hicho kiti jana tukarudi na baiskeli yako? Kwani ungekufa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la Ayub, kwa maneno mengine, na lilikuwa limeulizwa na mtu mwingine mbele ya kijiji kizima, na sasa hakuna pa kukimbilia.

Kamanthe alisema polepole, akitazama bonde.

"Jana tulienda kwa Maundu. Maundu alipanda ile nyekundu yake, akazunguka nayo, akatoka akanipatia. Nikakaa. Uliniona nikikataa? Kiti kilikuwa bado kiko na joto yake, na nilikaa. Ikanirusha juu chini kama kitanda, vile kuna mtu aliniambia, nikamrudishia. Kwa nini nilikaa, Mukai? Kwa sababu Maundu ni nani kwangu? Ni mtu wa duka. Naweza kukaa kiti chake, na cha dereva, na cha mtu yeyote hapa Machakos, sina neno."

Aliikunja kamba yake.

"Lakini huyu ndiye alichukua Wayua wangu. Jina alibadilisha, kanisa alibadilisha, nililia mpaka nikamaliza. Halafu nikaona vile anamweka. Mimi sijali kama ni wa msikiti ama ni wa wapi. Ni mkwe wangu. Siku utaniona nimekalia kiti chake, Mukai, jua hiyo ndoa imekwisha na msichana wangu amerudi nyumbani."

Ayub alikuwa amesimama na mikono kwenye usukani, na furaha ilimjaa mpaka akaona aibu nayo. Miaka yote hiyo ya makonge na jikoni! Kila alipokimbiwa alikuwa akiitwa mkwe, na yeye hajui kusikia. Alitaka kufanya kama wangefanya kwao, aende amkumbatie mama huyu, ambusu mkono, hata avutwe sikio akipenda. Alipiga hatua moja. Kisha akakumbuka, akairudisha.

"Mukai," alisema. "Mukai, mwambie..."

"Nimwambie nini?"

Alikuwa na mengi ya kumwambia, yamekusanyika tangu siku ya harusi.

"Mwambie kwenye mteremko asibane breki ya mbele peke yake. Abane zote mbili, polepole."

"Mwambie nimesikia," Kamanthe alisema. "Na umwambie asiondoke na njaa. Kuna kuku."

Ayub aliisimamisha baiskeli kwenye stendi yake, akaikagua mara ya mwisho, akarudi nyuma mpaka karibu na ua. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akageuka akatazama upande wa pili, ili mama apate nafasi ya kupanda. Alisikia nailoni ya kiti ikilia, akasikia kina mama wakishangilia, na kengele ikigongwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika kuteremka kilima kile. Alitamani sana kuangalia. Hakuangalia.